Lenzi yangu imeingia ukungu: niitupe, niianike juani, au nifanyeje?

*"Nina kamera moja na lenzi tatu. Naishi sehemu yenye joto na unyevu karibu mwaka mzima, na mwaka jana nilinunua mkoba mzuri wenye sponji nene ili vifaa vikae salama. Mkoba unakaa kabatini. Ndani nimetia vipakiti vya silika nilivyovitoa kwenye maboksi ya viatu, na kifuko cha mchele mkavu. Kwa miezi minne sikupiga picha kwa sababu ya kazi. Juzi nimeitoa lenzi ya milimita 50, nikaimulika kwa tochi, nikaona ukungu ndani: ukingoni mwa kioo kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Rafiki mmoja ananiambia niitupe kabla haijaambukiza zile mbili, mwingine anasema niianike juani siku tatu, wa tatu anasema nitie naftalini mkobani. Lenzi mbili zilizobaki zinaonekana safi. Nimchague nani?"*

Usimchague hata mmoja. Lenzi usiitupe, juani usiianike, na naftalini iache ifanye kazi yake kwenye nguo. Najua umeumia, kwa sababu ulifanya kile ambacho wengi wetu tumefundishwa: kifaa cha thamani, mkoba wa thamani, kabati linalofungwa. Mimi mwenyewe lenzi yangu ya kwanza niliihifadhi kwenye kasha lake la ngozi, nikawa nalipangusa vumbi kila wiki kwa mapenzi, na ndani ya kasha hilo ndimo ilimoharibikia. Kwa hiyo sikulaumu. Ila tukubaliane tangu mwanzo kwamba tatizo lako kubwa si ile lenzi. Ni mkoba.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili chetu kinaita vitu viwili kwa jina moja. Kuna ukungu ambao ni mvuke uliotua juu ya kioo kibaridi. Huo unakuja na kuondoka wenyewe ndani ya dakika kadhaa. Na kuna ukungu ambao ni kuvu, fangasi, kiumbe hai kinachoota na kutoa matawi. Nimewahi kuletewa lenzi nzima kabisa na mtu aliyekuwa karibu kulia, kumbe alitoka nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi ikatoa jasho tu. Nimeletewa pia lenzi iliyokuwa imeliwa hadi katikati, mwenyewe anasema "ni ukungu wa asubuhi, utakauka".

Ili uwe na hakika, rudia kipimo chako hivi. Fungua apacha, lile tundu la kupitisha mwanga, hadi mwisho. Zima taa ya chumba. Mulika tochi kutokea nyuma ya lenzi kwa mshazari, wewe ukitazama kwa mbele, ila usiukodolee macho mwanga wa tochi wenyewe. Ukiona vidoa vilivyotawanyika ovyo, hilo ni vumbi. Kila lenzi inalo, hata mpya, na lisikukoseshe usingizi. Ukiona utando uliotanda sawasawa kama pumzi iliyogoma kuondoka, mara nyingi ni mvuke wa grisi ya ndani uliotua kwenye vioo. Ukiona rangi za upinde wa mvua au kama mapovu yanayoanzia pembeni, gundi iliyounganisha vioo viwili inaachia. Fangasi haifanani na yoyote kati ya hayo. Ina nyuzi zinazoanzia mahali pamoja na kugawanyika kama mizizi ya nyasi, na hupenda kuanzia ukingoni. Kwa ulivyoeleza, hii ni fangasi.

Sasa imeingiaje? Haikuingia juzi. Vimbegu vyake, spora, vimo kwenye hewa tunayovuta, na lenzi inaponyooka na kurudi wakati wa kufokasi inavuta hewa na kuitoa kama mapafu. Hata zile lenzi zako mbili safi zina spora ndani. Lenzi zangu pia zinazo. Spora inaweza kulala muda mrefu sana bila kufanya lolote, ikisubiri mazingira yake. Watengenezaji wa lenzi wa Zeiss wameyataja mazingira hayo waziwazi: unyevu wa hewa wa asilimia 70 au zaidi kwa zaidi ya siku tatu, joto la kati ya nyuzi 10 na 35, giza, hewa iliyotulia, na chakula kidogo. Soma orodha hiyo tena ukiufikiria mkoba wako kabatini.

Kuhusu chakula, watu husema fangasi inakula kioo. Haili kioo. Inakula vumbi, mafuta ya vidole, mabaki ya grisi na vinyweleo vya kitambaa, vitu ambavyo havikosekani hata kwenye lenzi iliyotunzwa. Ila ikishakula, inatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayochimba ule utando mwembamba wa kuzuia mng'ao uliopakwa juu ya kioo, na baadaye kioo chenyewe. Ndiyo maana lenzi moja ikisafishwa mapema inarudi kama mpya, na nyingine inabaki na alama ya mizizi ileile ingawa fangasi imeshaondolewa yote. Hiyo iliyobaki ni kovu, na kovu halipanguswi. Muda kwako ni muhimu kuliko dawa yoyote. Na hili si tatizo la kamera za siku hizi tu: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, darubini za majeshi kwenye misitu ya New Guinea zilishambuliwa vivyo hivyo, hadi wanasayansi wa Australia wakapewa kazi ya kutafuta kinga.

Naomba univumilie nieleze kidogo kuhusu hewa, maana ukilishika hili mengine yote utajipangia mwenyewe. Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Kwenye nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba hubeba takriban gramu 30 za maji. Kwenye nyuzi 20 inabeba kama gramu 17 tu. Ile asilimia unayoiona kwenye kipima unyevu haikuambii maji ni mengi kiasi gani. Inakuambia hewa imeshiba kiasi gani kwa joto la wakati huo. Chukua chumba chenye nyuzi 30 mchana na unyevu wa asilimia 65. Watu wanakaa humo raha mustarehe. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 24, hewa ileile, bila tone moja la maji kuongezeka, inafika karibu asilimia 90. Kwa hiyo mtu anayepima mchana na kusema "kwangu ni pakavu" anajidanganya; fangasi inafanya kazi usiku.

Mkoba nao unafanya nini humo? Usiku sponji na kitambaa vinanyonya ule unyevu, na mchana vinautoa polepole ndani ya giza lilelile, zipu ikiwa imefungwa. Zipu hiyo haizuii mvuke kuingia, inazuia tu upepo ambao ungeupeleka nje. Ni mkoba mzuri sana wa kubebea. Kama nyumba ya kulala kamera, haufai.

Tuje kwenye silika yako. Silika jeli ni kitu kizuri, sina ugomvi nayo, ila inanyonya hadi ishibe kisha basi. Vile vipakiti vya viatu vilishashiba tangu boksi lilipofunguliwa. Hata kama vingekuwa vikavu, kuviweka kwenye mkoba unaopitisha hewa ni kama kuchota bahari kwa kijiko. Mchele ndio usiuweke kabisa. Mchele tunaouita mkavu bado una maji ya asilimia 12 hadi 14 ya uzito wake, na unga wake ukipeperuka mle ndani unakuwa umeitengea fangasi meza.

Unachohitaji ni sanduku la plastiki lisilopitisha hewa, lile lenye mpira wa kuziba kwenye kifuniko na vibano pande zote. Hapo silika inaanza kuwa na maana. Tupige hesabu kidogo. Sanduku la lita 20, kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hewa yake yote ina kama nusu gramu ya maji. Nusu gramu! Silika kavu ya gramu 100 inaweza kunyonya karibu gramu 20 huku ikiweka hewa kwenye asilimia arobaini na kitu. Kwa hiyo kazi halisi ya silika siku za mwanzo ni kukausha vitu vyenyewe, yaani mikanda ya kamera, vitambaa na mipira, na baada ya hapo ni kumeza ile nusu gramu inayoingia kila unapofungua kifuniko. Mkanda wa kitambaa uufungue uweke kando, utakuokolea silika nyingi. Kasha la ngozi lisiingie humo kabisa.

Nunua silika ya punje zinazobadili rangi, ya chungwa inayogeuka kijani. Ile ya bluu inayogeuka waridi hutiwa kobalti kloridi, ambayo si kitu cha kuchezea wala cha kuweka karibu na watoto. Rangi ikigeuka, zimwage punje kwenye sinia, zitie kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi kwa saa moja au mbili hadi rangi irudi, kisha zipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Ukiziacha zipoe wazi mezani zinaanza kunywa upya kabla hujafika kwenye sanduku. Punje zenyewe tu ndizo ziingie ovenini. Vipakiti vya karatasi na plastiki haviwezi moto huo. Usinunue zile dawa za kukaushia makabati ya nguo ambazo hujaa maji chini. Nyingi ni kalsiamu kloridi, na maji yale ni chumvi inayokula chuma. Yakimwagika juu ya kamera, utaitamani ile fangasi.

Lengo lako ni asilimia 40 hadi 50. Chini ya 60 fangasi kwa kawaida haina nguvu ya kuota, lakini jipe nafasi ya makosa. Usishuke chini ya 30 kwa miezi, maana grisi na mipira navyo havipendi ukavu wa kupitiliza. Ukiona imeshuka sana, punguza silika.

Na utajuaje? Kwa kipima unyevu kidogo, hivi vya kidijitali, kikae ndani ya sanduku. Tatizo ni kwamba vingi vya bei nafuu husema uongo, wakati mwingine kwa asilimia 5 hadi 10. Vipime kabla hujaviamini. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya kawaida, dondoshea maji kidogo hadi iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke. Kitie kifuniko hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, vikae bila chumvi kukigusa kifaa, uviache usiku kucha mahali ambapo joto halibadiliki sana. Hewa ndani ya mfuko itatulia kwenye asilimia 75, leo na siku zote, kwa sababu hiyo ni tabia ya chumvi. Kipima chako kikisoma 69, ujue kinapunguza 6. Andika "+6" kwenye kibandiko, ukibandike mgongoni mwake, mambo yameisha. Nina vitano sandukuni, na hakuna viwili vinavyokubaliana.

Kuna pia makabati ya umeme ya kuhifadhia kamera. Mengine hutumia kipoza kidogo cha Peltier: umeme ukipita, upande mmoja unapoa, mvuke unatua pale na kutolewa nje. Mengine yana kinyonyaji ambacho kabati lenyewe hukipasha moto na kutoa mvuke nje, kisha linaanza upya. Unachagua asilimia, unafunga mlango, unasahau. Ni mazuri kweli, na umeme yanayokula ni kidogo. Ukikatika kwa saa kadhaa si balaa, mradi mlango haufunguliwi. Kwa mtu mwenye lenzi tatu, ningekuambia anza na sanduku. Ukifika lenzi saba au nane, au ukijijua wewe si mtu wa kukumbuka kukausha silika, nunua kabati. Nasema hivyo bila kejeli. Silika iliyosahauliwa ndiyo inayoniletea wateja wengi.

Ule ukungu mwingine, wa jasho, una dawa rahisi. Hewa ya nyuzi 30 yenye asilimia 80 itatoa maji juu ya kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 26 hivi. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi cha nyuzi 22 ikitolewa nje lazima itoe jasho, nje na wakati mwingine ndani. Kabla hujatoka, itie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, toka nayo, na usiufungue kwa nusu saa hadi saa nzima, mpaka kamera ipate joto la nje. Jasho litatua juu ya mfuko. Kuingia kutoka nje kwenda kwenye baridi hakuna shida. Na usifunike lenzi yenye jasho kwa kifuniko chake, kwani hapo unaufungia ukungu wa kwanza uzae wa pili.

Sasa wale rafiki zako. Wa jua hakukosea kila kitu: mionzi ya urujuanimno huua fangasi ikiifikia. Ila vioo vya lenzi huzuia sehemu kubwa ya ile mionzi mikali, na kilichoota kwenye kioo cha nne ndani hakitaona kitu. Wakati huohuo jua linalainisha grisi ikatiririka hadi kwenye mapanga ya apacha, na lenzi iliyoelekezwa juani inakusanya mwanga wa kutosha kuchoma mapanga hayo au pazia la dirishani. Jua ni la mkoba. Utoe kila kitu, unyonye vumbi, uuanike mchana kutwa ukiwa wazi. Mvuke wa naftalini hauzuii fangasi kwa kiasi cha maana, na unaweza kutua kwenye vioo ukawa tatizo jipya. Na yule wa kuambukiza: spora tayari ziko kila mahali, kwa hiyo kinachoziponza lenzi zako mbili ni kulala kwenye mkoba uleule wenye unyevu, kuliko kuwa jirani za ile ya kwanza. Hata hivyo lenzi yenye fangasi hai inamwaga spora nyingi, na kuitenga kwenye kisanduku chake haikugharimu chochote. Itenge hadi isafishwe.

Wapo watakaokuambia pia kwamba lenzi iliyozibwa dhidi ya mvua haipati fangasi. Mpira ule unazuia matone. Mvuke unapita.

Kwa hiyo, hiyo milimita 50. Kama nyuzi zingekuwa juu ya kioo cha mbele kabisa au cha nyuma kabisa, kwa nje, ningekuambia upulize vumbi, udondoshee alkoholi ya aisopropili kwenye kitambaa cha lenzi, usiidondoshee kwenye kioo, na upanguse taratibu kutoka katikati kwenda nje. Lakini umesema ziko ndani, na hapo mikono yako iishie. Najua kuna video zinazoonyesha mtu akiifungua kwa dakika kumi. Asichokuonyesha ni kwamba kuna vipete vyembamba kati ya vioo ambavyo kimoja kikigeuzwa, lenzi haitafokasi sawa tena. Mpelekee fundi wa kamera, ndani ya wiki chache, usisubiri miezi. Muulize kabla: fangasi iko kwenye kioo gani, na je, ni kati ya vioo vilivyogundishwa? Ikiwa ni kati ya vilivyogundishwa, mafundi wengi watakataa, na walio waaminifu watakuambia lenzi nyingine ni nafuu. Mwombe akuonyeshe vioo kwa mwanga kabla hajafunga, ili ujue kilichobaki ni kovu au uzembe.

Na kama gharama inazidi thamani ya lenzi, piga picha chache ukielekea kwenye mwanga uone. Nyuzi chache za ukingoni mara nyingi hazionekani kabisa kwenye picha. Zinazoumiza ni zilizofika katikati, na zaidi zilizo upande wa nyuma, ambapo picha inafifia na taa zinatoa wingu. Wapo wanaopiga kazi na lenzi zenye fangasi miaka mingi, mradi fangasi yenyewe imeacha kukua. Ila mambo mawili usiyasubirishe hata siku moja: nyuzi zikionekana kwenye kioo kilicho mbele ya sensa ya kamera, kile kipande kinachonasa picha, au kamera ikiingiwa na maji ya bahari. Hiyo ya pili toa betri, usijaribu kuiwasha "tuone", nenda nayo kwa fundi siku hiyohiyo.

Kabla hujaenda kwa fundi, ipige picha hiyo fangasi kwa simu, tochi ikiwa upande uleule, na uweke tarehe. Baada ya mwezi sandukuni, zipige hivyohivyo zile lenzi mbili safi. Zikiwa safi, umeshinda. Ukiona uzi, au kipima unyevu kikipanda juu ya 55 ndani ya siku mbili tatu tangu uweke silika kavu, sanduku linavuja. Bana kipande cha karatasi chini ya kifuniko, funga vibano, ukivute. Zunguka hivyo pande zote nne. Mahali karatasi inapochomoka kwa urahisi, ndipo mpira haukai.